MUME WANGU ALINITOA GEREJI, MJOMBA AKABAKI NA KIBERITI

"Mjomba, usiwashe! Usiwasheee!"

Nilikuwa napiga kelele katikati ya barabara, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kiliko mpaka leo.

Watu walidhani nimechanganyikiwa. Jamani, ningekuwa nimechanganyikiwa ingekuwa afadhali!

Ngoja niwaeleze kabla hamjanihukumu.

Mimi ni fundi wa AC za magari. Kazi nilifundishwa na Mjomba, ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki. Gereji yetu ndogo, mlango mmoja wa bati, dirisha hakuna.

Mume wangu ana duka la spea mtaa wa pili. Gesi ya AC tunaletewa na yeye.

Siku hiyo kulikuwa na gari kuukuu la mteja. Nililijaza gesi jana yake kutoka mtungi mpya, asubuhi likarudi linapuliza joto. Maana yake linavuja.

Nikashika kile kifaa changu kinacholia kikifika penye uvujaji... mara simu.

"Mke wangu... njoo dukani. Nimezidiwa."

"Una nini?!"

"Njoo tu. Sasa hivi!"

Nikatoka mbio. "Mjomba, mume wangu kazidiwa!" Basi, nikaishia.

Nafika dukani... mtu mzima wa afya kakaa kwenye kiti, hana hata homa!

"Nimepata nafuu. Kaa hapa na mimi."

"Twende hospitali basi."

"Hapana. Leo usirudi kazini."

Akanishika mkono. Hakutaka kuuachia. Nikajisemea moyoni, masikini, mwanaume ananipenda huyu.

Simu ikaita tena. Mwalimu, mteja wangu mwingine wa jana.

"Fundi, samahani. Gari langu tangu ulijaze gesi linanuka kama jiko. Ni kawaida?"

Nikapaza sauti:

"Mwalimu, zima gari! Shuka! Usiwashe chochote!"

Gesi ya AC hainuki hivyo. Hiyo ni gesi ya kupikia, na magari yote mawili niliyajaza kutoka mtungi ule ule mpya! Mimi nilikuwa na mafua wiki nzima, pua imeziba. Na pua ya Mjomba iliacha kazi zamani kwa moshi wa kuchomelea vyuma.

Nikamgeukia mume wangu.

"Ule mtungi uliutoa wapi?"

Akaanza kupanga risiti mezani.

Nikaingiza mkono mfukoni... nikagusa kile kifaa. Nimeondoka nacho!

Mungu wangu. Mjomba akikikosa anarudia mambo yake ya enzi zile, taa ya moto. Anakuambia gesi ikivuja, moto hugeuka kijani. Nimemgombeza mpaka nimechoka kwamba gesi za siku hizi moto hauzitambui, lakini taa yake kaificha kabatini.

Nikampigia. Inaita... inaita... hapokei.

Nikainuka. Mume wangu akanidaka ovaroli.

"Usiende! Utakufa!"

Ndugu zangu... utakufa? Kwani nani kamwambia kuna kufa?

Nilimng'ata mkono, akaniachia.

Ndiyo hapo mliponikuta barabarani.

Nilivyofika, Mjomba kainama chini ya boneti. Taa mkono wa kushoto, kiberiti kulia. Njiti moja ilikuwa chini, imekatika. Anachomoa nyingine!

Nilimrukia tukaanguka wote, kiberiti kikamwagika kwenye dimbwi la oili. Nikamburuta mpaka nje, mzee wa watu analalamika mgongo.

"Mtungi ule mbaya, Mjomba. Mbaya!"

Nililia mpaka sauti ikakauka. Woga ulikuja wote baada ya hatari kupita.

Mume wangu akatokea, akasimama ng'ambo ya barabara. Nikamfuata.

"Muuzaji kaniambia leo asubuhi kwamba kachanganya mitungi, ule ni wa gesi ya kupikia," akasema kwa sauti ya chini. "Niliogopa mkijua nanunua mitungi ya uchochoroni. Lakini wewe nilikuita!"

"Na Mjomba?"



Huku nyuma Mjomba anakuja anachechemea, uso umejaa furaha.

"Afadhali umepona, mwanangu! Nilisikia umezidiwa. Nikatafuta kile kifaa sikukiona, nikasema acha niwashe taa, nimalize haraka, nije nikuone."

Mume wangu akageuka, akarudi dukani kwake. Na mimi usiku huo sikulala kwake, wala sijarudi tena.

Ukijua hatari, piga kelele wote wasikie. Mtu akikutoa wewe kimyakimya na kumwacha ndani aliyekulea, usimwite mwokozi. Alikuwa anaokoa siri yake.

Mjomba mpaka leo huniuliza, "Yule kijana, ugonjwa wake uliisha?"

Huwa nageuza maneno. Leo nimeandika haya yote, na sasa hivi nakwenda kumsomea.