Sina Taka Tena

Jumatatu, tarehe tatu Machi, asubuhi ya manyunyu. Fundi cherehani alikuwa anavuka barabara ya soko, gauni lake la kijani limelowa mabegani, gunia la vipande vya nguo mkononi. Mkokoteni wa mzoa taka ukamgusa, gunia likamwagika matopeni.

"Macho umeyaacha nyumbani, kaka?"

"Yamebaki kwako, dada. Ndiyo maana nimekugonga."

Alitaka kukasirika, akacheka. Mzoa taka huyo alivaa fulana safi yenye kiraka begani.

"Kiraka hicho kakishona nani, adui yako?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Ndiyo nasema."

Tangu hapo kila Jumatatu mzoa taka alipita kibandani kwa fundi kuchukua vipande vya kutupa. Fundi akambatiza Bwana Gunia, na simu zao zikawa nyingi kuliko taka zenyewe.

Fundi alikuwa na miaka arobaini na miwili, na ndiyo kwanza ameanza masomo ya biashara ya jioni. Kila mara kabla ya kufungua daftari alimwomba Mungu amfungue akili. Siku moja mwalimu akasema, "Nendeni mkaangalie mnachotupa. Faida inayowachafulia wajukuu maji, msiniletee hapa."

Maneno yale yalimwingia. Alilitazama gunia lake kana kwamba halijui. Baada ya wiki mbili vipande vyote vilikuwa mito, mazulia na vishikio vya sufuria. Kwa furaha akamwandikia Bwana Gunia: "Usije tena Jumatatu. Sina taka."

Jumatatu hakuja. Ya pili hakuja, na simu iliita bila kupokelewa. Fundi aliomba, akashona, akajichoma kidole. Dada yake aliposoma ule ujumbe alishika kiuno.

"Mdogo wangu, mtu huja kwako kwa ajili ya taka. Unamwambia usije, sina taka. Aelewe nini?"

"Aelewe biashara!"

"Kaelewa amefukuzwa."

Fundi akachukua simu ya dada yake, akapiga.

"Usikate, mpenzi. Nilisema sina taka. Sikusema sikutaki."

"Hebu rudia la mwisho," akasema Bwana Gunia.

"Sikutaki. Aa, yaani, sikusema!"

"Sasa umesema," akacheka.

"Wewe! Njoo darasani leo saa kumi na mbili. Nasoma mpango wangu."

Alikuja, shati limepigwa pasi, akakaa nyuma. Fundi alisoma mpango wake: angeacha kazi yake ya kushona sare, azunguke mtaa mzima kuwafundisha wenye maduka kutotupa kitu.

"Ila nahitaji mtu anayejua kila duka linatupa nini."

Bwana Gunia akasimama. "Kazi hiyo naitaka. Na mwenye kazi nataka kumwoa, kama darasa halina kipingamizi."

Madawati yakapigwa. Mwalimu alimgeukia fundi. "Swali hilo ni lako. Jibu kwa sauti."

Fundi alifumba macho, midomo ikacheza kidogo bila sauti. Akayafumbua.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: kuanzia leo sitatupa kitu. Na wa kwanza nisiyemtupa ni huyu."