Monita ya Ba Chilufya

Jua lilikuwa linazama Kasungami wanawake wa matanga walipomtuma Franck mfuko wa makaa. Kazi ndogo: atoke, anunue, arudi. Maharagwe yalikuwa bado magumu chunguni na wazee wameanza kununa kwa njaa. Lakini Franck hakuwa mtu wa kutumwa mara moja akarudi. Kabla ya kutoka alipita kwanza chumbani kwa marehemu.

Marehemu alikuwa shangazi yake, ba Chilufya kama walivyomwita kwa heshima, aliyewachapia watu wa mtaa barua zao kwa kompyuta mpaka vidole vikakakamaa. Kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Ilibaki monita, nyeusi, nzito, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Na televisheni ya Franck ilikuwa imeungua wiki ile, umeme uliporudi kwa nguvu. Na jioni ile timu yake ilikuwa inacheza. Akaifunga monita ndani ya kitenge, akatokea mlango wa nyuma.

Nikwambie jambo ambalo Franck alilijua tangu utotoni. Katika ukoo wao mfu haachwi bila mtu wa kukalia nafasi yake. Wazee hukaa, humtaja mmoja, humpa kikombe cha maji. Akishakunywa amechukua jina la marehemu, na hata akiwa mtoto ataitwa kwa heshima ya marehemu. Ndiko kupyana. Kabla maji hayajanywewa, hata kijiko hakitoki nyumbani, maana mwenyewe bado amekaa pamoja na vitu vyake. Maji ya ba Chilufya yalikuwa yanywewe kesho yake. Franck akajidanganya kwamba miiko hiyo ni ya vinu na vikapu, kwamba monita ni plastiki tu.

Mjinga yule.

Nyumbani alikuwa Keren peke yake, binti yake wa pekee, amelala mkekani na gauni lake la manjano, ana homa kidogo. Mkewe Christiane alikuwa kule matangani, kwenye vyungu. Franck akaiweka monita mezani, akaiunganisha na dekoda. Monita ile haikuwa na sauti yake, basi sauti akaipitisha kwenye redio. Uwanja ukatokea, kijani, safi. Keren akacheka. Franck naye alifurahi, nisimnyime haki yake, alifurahi kama mtoto.

Tak.

Umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna. Dekoda ikazima. Redio ikanyamaza...

Monita haikuzima.

Chumba kikaanza kunuka dawa ya kuchua, ile kali, aliyokuwa akijipaka ba Chilufya magotini. Uwanja ukafifia. Kwenye kioo kikatokea kiti, na juu ya kiti mwanamke, amevaa kitenge kile kile walichomzikia.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Sauti hakuna.

Franck akaruka ukutani, akachomoa waya. Akabaki ameushika mkononi, akiutazama. Kisha akatazama kioo.

Bado amekaa.

"Papa," Keren akanong'ona, akimwonyesha bibi yake kwenye kioo. "Kambo iko naomba mayi."

"Unamusikia?"

"Ee. Weye hausikie?"

Franck akasogea karibu naye. "Anasema nini tena?"

"Anasema weye njo ulimutosha mu nyumba yake. Weye njo utakunywa."

Aliyemtoa nyumbani mwake ndiye anywe. Franck akaenda kwenye ndoo, akachota. Akakipeleka kikombe mdomoni. Maji yenyewe yalinuka dawa ya kuchua. Hapo akaelewa. Mbele ya wazee mfu hubembelezwa, huombwa aache jina aende zake. Hapa hapakuwa na mzee wala ombi. Atakayekunywa maji haya hatapokea jina peke yake. Atampokea mwenyewe, mzima, na itabidi ampishe mwilini mwake.

Akashusha kikombe. Akamtazama mtoto.

"Kunywa, mama," akasema kwa upole, akimgusa paji lenye homa. "Uko na fièvre. Mayi itakusaidia."

"Papa... kambo anasema apana. Anasema haina miye, ni weye."

Kwenye kioo ba Chilufya alikuwa amesimama. Alikuwa anatikisa kichwa, viganja vyote viwili amevibandika kwenye kioo.

"Kunywa!"

"Papa, analia. Anasema usinipe..."

Franck alimshika mwanawe kisogoni. Alimbana pua mpaka mdomo ukafunguka. Akamimina.

Kiti kwenye kioo kikabaki kitupu. Keren alikohoa, akajifuta mdomo kwa upande wa mkono, taratibu, kisha akaketi na kujisugua magoti.

"Franck," akasema, na sauti haikuwa ya mtoto. "Miye nilikuomba weye."

Baba mtu mzima akapiga magoti. Aliomba, alilia, aliapa. Yule akamwacha alie mpaka akachoka.

"Kesho useme mbele ya bakubwa," akamwambia. "Useme ulibeba nini, na mayi ulimupa nani. Ukisema, bataniomba, ntatoka, mutoto atarudia. Miye siwezi kusema. Mwenye kutosha njo anarudisha."

Kitu chepesi namna hiyo. Maneno mawili matatu, aibu ya siku moja, labda ngumi za wajomba. Na mtoto anarudi.

Kesho yake wazee walikaa. Kikombe kilikuwa kwenye mkeka, na kabla mtu hajatajwa Keren akaingia, akaketi katikati, akamsalimu kila mzee kwa jina la utotoni, majina ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuyasikia. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Ba Chilufya amejichagulia mwenyewe! Christiane, mtu wa Kasai, hakuielewa desturi vizuri, lakini alipoona wakwe zake wanampigia mwanawe makofi ya heshima, alilia kwa furaha.

Mzee mkubwa akauliza kama kuna mwenye neno.

Keren akamtazama baba yake.

Franck akatazama viatu vyake. Wajomba walikuwa wengi. Kikombe kikanywewa.

Tangu siku hiyo, kila magharibi monita ilijiwasha yenyewe. Ndani yake alikuwa msichana mdogo mwenye gauni la manjano, anapiga kioo kwa ngumi. Tu... tu... tu... Hata hivyo mlio huo Franck aliuhisi mezani tu, hakuusikia. Akaifunika kitenge, akaisukuma chini ya kitanda, akamwambia Christiane imeharibika. Na kila magharibi yule aliyevaa mwili wa Keren alimjia, akamuuliza neno lile lile.

"Umesema?"

Mwishowe Franck akamtafuta Mwila, mchuuzi wa samaki aliyekuwa anarudi Kasenga, amuuzie monita. Mwila alitaka kuona kwanza kama inafanya kazi. Jua likizama wakaiweka juu ya magunia, na kabla haijachomekwa popote kioo kikawaka.

"Kamutoto kazuri," Mwila akasema. "Ni film?"

"Ni film."

"Juu ya nini analia? Anasema nini?"

"Siyue," Franck akajibu. "Hainaka sauti."

Akaifunga mwenyewe kwa kamba, akasaidia kuipandisha lorini, chini kabisa, katikati ya vikapu vitupu vinavyonuka samaki. Lori likaondoka.

Jumamosi iliyofuata alileta nyumbani televisheni ya kweli. Christiane akapiga makofi. Keren hakuitazama. Alikaa ameelekea mlango, mikono kwenye magoti, na giza lilipoanza kuingia akageuka polepole.

"Umesema?"

Franck akaongeza sauti ya televisheni.