Kandili Isiyotulia

Saa tisa alasiri Mfumanuru iliwaka, na ukuta mzima wa ukumbi wa kituo cha anga cha Kitulo ukajaa rangi. Mashine hiyo ilikusanya mwanga wa kila aina kutoka satelaiti tisa na masikio mia mbili ya redio yaliyotapakaa uwandani, ikaufuma kuwa picha moja. Leo ilielekezwa kwa Kandili, ambayo ni blaza: galaksi yenye shimo jeusi linalorusha mkondo wa moto kuelekea kwetu moja kwa moja. Sehemu ya juu ya ukuta, miale ya gama ilirukaruka kila dakika chache. Katikati, mwanga wa kawaida ulipanda na kushuka kwa siku. Chini kabisa, mstari wa redio ulikuwa umelala.

"Redio ya Kandili ni mia moja," mashine ilisema. "Hakuna badiliko."

Dakta Subilaga, mkuu wa kituo, alishika kichwa. Siku mia nne zilizopita Kandili ililipuka kwa gama, naye akatangaza kwamba wimbi la redio lingefuata polepole, mkondo ukishatanuka. Leo ndiyo siku ya mwisho aliyoitaja. Likikosekana, bodi ya kituo ingezima masikio yote jioni hii.

"Labda masikio yamezeeka," alimwambia Tumpale, fundi mkuu.

"Hayajazeeka, mama. Leo Jumatatu, nimeyasawazisha asubuhi kama kawaida."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa Kandili. Si uliagiza mwenyewe, miaka ishirini na sita sasa?"

Subilaga akaketi. Nyani haoni kundule! Kila Jumatatu waliyarekebisha masikio mpaka Kandili isome mia, kisha wakashangaa kwa nini haitoki kwenye mia. Wasomi wazima walikuwa wakipima rula kwa rula ileile.

"Mfumanuru," alisema, "ondoa masawazisho yote. Nipe vipimo vibichi."

Mstari ukainuka taratibu, ukapanda hadi mia na arobaini na tano. Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Mashine ikaendelea kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na kila mlipuko wa gama ulikuwa na wimbi lake la redio likiufuata. Yalikuwa mawimbi kumi na moja. Tumpale alimkumbatia bosi wake bila kuomba ruhusa, na furaha ya Subilaga ilikuwa kubwa mno hata akasahau kumkemea.

Kisha akaliona wimbi la nne, akamwachia Tumpale. Mwaka ule mtafiti mmoja, Anyosisye, aliripoti kwamba anga lote limefifia kwa pamoja, hivyo kosa liko kwenye rula, yaani Kandili yenyewe. Subilaga alimcheka mbele ya watu, akamwachisha kazi kwa madai ya uzembe. Sasa ni miaka kumi na tisa analima pareto ng'ambo ya mlima.

Alimpigia papo hapo, wote wakisikia.

"Kaka Anyosisye, ni Subilaga. Rula ilikuwa inarefuka. Nilikukosea, na nilikukosea hadharani."

Upepo wa shambani ulisikika.

"Mwaka ule ilipanda kiasi gani?"

"Asilimia thelathini na nane."

"Mimi niliandika arobaini." Alivuta pumzi. "Leteni gari, Dakta. Hizo asilimia mbili za tofauti nitakuja kuzitafuta mwenyewe."