Jiwe Lenye Alama ya Jembe

Jiwe moja lilikuwa limeng'olewa kwenye ukingo wa daraja la kale la reli ya madini, huko Abuku, Koboko. Lilikuwa na alama ya jembe. Mlinzi wa daraja, Dumo, mkimbizi kutoka Yei, alikuwa mahabusu siku ya tatu, akituhumiwa kuliiba.

Inspekta Driwaru alimtilia shaka kila mtu, hata polisi wenzake waliomkamata Dumo. Haraka haraka haina baraka. Alipapasa pengo. Lilikuwa limezibwa kwa matofali na udongo wa kichuguu, likasawazishwa vizuri.

"Mwizi gani anaziba?"

"Labda muungwana, afande," konstebo alijibu.

Driwaru hakucheka. Waliokarabati daraja mwaka jana walitumia saruji, isipokuwa fundi mmoja aliyependa udongo wa kichuguu: Mzee Saturnino wa Ediofe, Arua.

Alikwenda huko na Dumo, aliyefungwa pingu, ili Dumo alitambue jiwe likipatikana. Uani kwa mzee palikuwa na kaburi bichi. Driwaru aliingiwa na hofu.

"Nani amekufa?"

"Baba yangu."

"Una miaka mingapi, mzee?"

"Sabini na sita."

"Na yeye alikufa lini?"

Mzee aliinama kusawazisha udongo wa kaburi. Kibali cha mahakama kilipofika, walichimba. Ndani ya shuka nyeupe mlikuwa na jiwe.

"Baba alichonga hiyo," Saturnino alisema. "Wakati wanajenga, udongo ikamufunika chini ya daraja. Hawakumutoa. Jiwe hii tu ndiyo alibakisha. Mimi nilikuwa bado kwa tumbo ya mama."

"Kwa nini sasa?"

"Daktari anasema niko na mwezi mbili. Mutoto halali kwa udongo kabla ya baba yake. Nani atanipokea?"

"Ulijua Dumo yuko ndani?"

"Nilijua." Aliinamisha kichwa. "Nilisema nimalize matanga, halafu nije. Nilikosa."

Driwaru alimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja. Akamgeukia mlinzi.

"Dumo, ndilo hili?"

Dumo alikuwa amelala sakafuni siku tatu kwa ajili ya jiwe lile. Aliligusa. Baba yake mwenyewe alibaki kando ya barabara ya Yei, bila kaburi.

"Ilikuwa ya daraja, afande. Sasa iko ya kaburi. Wacha ilale."

Driwaru alimfungua pingu. Ungamo la mzee aliliandika lote, maana sheria ni msumeno. Jiwe alilipiga picha tu.

Aliyeshika sepetu kwanza kulifukia alikuwa Dumo.