Sare ya Sita kwa Sita

Kila Jumatano mchana Wilf Bloor alimvisha mke wake sweta mbili, ya pamba ndani na ya sufu juu. Alimfunga vifungo polepole, maana siku hizi Noreen hakupenda kushikwashikwa. Kisha alimpashia chapati ya shayiri yenye jibini, akamkatia vipande vidogo vidogo.

Noreen alikula vitatu. Cha nne alikificha chini ya mto wa kiti.

"Cha nne kiko wapi?" Wilf aliuliza.

"Umekula wewe."

"Haya. Nimekula mimi."

Walikuwa wameoana miaka arobaini na tisa. Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha vyombo vya udongo mjini Burslem, Uingereza. Wilf alikuwa kwenye matanuri, Noreen alikuwa kwenye chumba cha kuchora maua kwenye vikombe. Kiwanda kilifungwa zamani. Wilf alizeeka vizuri. Noreen aliingiwa na ugonjwa wa kusahau. Kwanza ulichukua majina ya watu. Baadaye ukachukua njia za mitaa. Mwaka wa tatu ukaanza kuchukua vitu vya ndani ya nyumba, kimoja kimoja, hadi akawa anauliza choo kiko wapi.

Wilf hakuwa na starehe nyingine ila mchezo wa kurusha vishale ubaoni. Kila Jumatano, saa nane mchana, wastaafu wa mji walikutana klabuni kushindana. Yeye alikuwa nahodha wa timu yake. Saa saba na nusu alikuja mama mmoja mlezi, jina lake Janine, akakaa na Noreen. Saa kumi na moja jioni Janine aliondoka, kwa sababu alikuwa na mgonjwa mwingine upande wa pili wa mji.

"Saa kumi na moja kamili, mzee," Janine alimkumbusha kila wiki. "Basi langu halinisubiri. Na yule bibi mwingine hawezi hata kujigeuza."

"Mechi inaisha saa kumi na nusu. Kutembea dakika kumi. Wasiwasi wa nini?"

"Na mkitoka sare? Si nasikia mnaongeza mchezo?"

Ni kweli. Mechi yao ilikuwa ya gemu kumi na mbili. Timu iliyoshinda gemu nyingi ndiyo mshindi. Lakini ikiwa sita kwa sita, manahodha wawili walisimama tena kuamua. Aliyetangulia kushinda gemu tatu aliipatia timu yake ushindi.

Wilf alicheka. "Sare? Sare tumetoka wiki iliyopita, na nikarudi kwa wakati. Bahati yake imeshatumika. Haiji tena mpaka mwakani."

Wilf akachukua vishale vyake, akatoka.

Ilikuwa Februari. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, nyembamba na baridi. Ndani ya klabu mlikuwa na joto na kelele. Timu ya Wilf ilianza vibaya, ikajikokota, ikasawazisha. Saa kumi na nusu katibu wa klabu, Trevor Sherratt, aliandika ubaoni: 6–6.

"Haya, nahodha!" wenzake walipiga kelele. "Leo ni juu yako!"

Wilf alitazama saa ya ukutani. Akajiambia, dakika ishirini tu. Koti lake lilikuwa limening'inia mlangoni, na simu ilikuwa ndani ya koti.

Lakini mchezo wa kuamua ulikuwa mgumu. Ili kumaliza gemu, lazima kishale cha mwisho kiingie kwenye ukanda mwembamba wa pembeni mwa ubao. Wazee wale wawili walikosa ukanda ule, wakakosa, wakakosa tena. Watu walicheka hadi machozi. Ilipofika saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, Wilf alipachika kishale cha mwisho. Alishinda gemu tatu kwa mbili. Walimpigia makofi, wengine wakampiga mgongoni.

Alipovaa koti aliona simu. Janine alikuwa amempigia mara nne.

Alikimbia, kadiri mzee wa miaka sabini na minne anavyoweza kukimbia. Giza lilikuwa limeshaingia. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na mvua imelowesha zulia. Kiti cha Noreen kilikuwa kitupu. Mezani palikuwa na karatasi: *Nimesubiri dakika kumi. Nimempa chai. Anasinzia. Fanya haraka, mzee.*

"Noreen!" Wilf aliita ghorofani. "Noreen!"

Jirani yake, Avril Colclough, alisikia. Alitoka na mwavuli. Avril naye alifanya kazi kiwandani, mkaguzi wa vyombo kwa miaka thelathini.

"Ametoka," Wilf alisema. "Sijui ameelekea wapi. Labda kwenye mfereji wa mashua. Avril, labda mferejini!"

"Tulia. Amevaa nini?"

"Sweta mbili. Zaidi ya hapo sijui."

Avril alifikiri kidogo. "Twende kiwandani."

"Kiwanda gani? Kimebaki magofu!"

"Kwake yeye hakijafungwa. Twende."

Walimkuta huko. Noreen alikuwa ameketi chini, mbele ya geti lililofungwa kwa mnyororo. Mguu mmoja ulikuwa na ndara, mwingine mtupu. Nywele zilikuwa zimegandamana usoni. Alipomwona Avril alianza kulia.

"Nimechelewa zamu," alisema. "Wamenifungia nje."

Kesho yake homa ilipanda. Siku ya tatu alilazwa, mapafu yamejaa. Alikaa hospitali wiki tatu. Aliporudi hakuweza tena kupanda ngazi. Kitanda kililetwa sebuleni. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Wimbo aliokuwa akiunong'ona asubuhi wakati wa kuchana nywele haukurudi tena.

Wilf aliviweka vishale kabatini. Majirani walikuja kumpa pole, na kila mmoja alimjibu maneno yale yale.

"Ajali haina kinga. Sare wiki mbili mfululizo! Nani angejua?"

Avril aliyasikia maneno hayo mara ya kwanza, akanywa chai yake. Aliyasikia mara ya pili, akanywa tena. Mara ya tatu aliweka kikombe chake mezani.

"Ungejua wewe, Wilf."

"Unasemaje?"

"Hukuweza kujua kwa hakika. Lakini ungejua kwamba si jambo la ajabu. Ajali nyingine zina kinga."

Wilf alisimama. Uso ulikuwa mwekundu. "Umekuja kunihukumu nyumbani kwangu? Mke wangu amelala pale!"

"Sikuja kukuhukumu. Lakini Janine bado anaondoka saa kumi na moja, na wewe ipo siku utarudi klabuni. Usiposema ukweli sasa, utayaona tena."

Wilf alikwenda dirishani. Alisimama huko, amempa mgongo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Haya. Niambie."

Avril alimwaga sarafu mezani.

"Tuseme timu mbili zina nguvu sawa. Basi kila gemu ni kama kurusha sarafu. Upande wa kichwa, mmeshinda ninyi. Upande wa pili, wameshinda wao. Mkicheza gemu mbili tu, mambo yanaweza kwenda njia ngapi?"

Wilf alihesabu kwa vidole. "Tushinde zote. Washinde wao zote. Tushinde ya kwanza, wao ya pili. Wao ya kwanza, sisi ya pili. Nne."

"Ngapi kati ya hizo ni sare?"

"Mbili. Ah! Nusu?"

"Nusu. Mkicheza gemu nne, njia zinakuwa kumi na sita, na sita kati yake ni sare. Kila gemu ukiongeza, njia zinazidi mara mbili. Ukifika gemu kumi na mbili, njia ni elfu nne na tisini na sita. Nimezihesabu zenye sare, nimemaliza karatasi nne. Ni mia tisa ishirini na nne."

"Hizo namba kubwa zinanichanganya, dada."

"Basi zifupishe. Ni karibu mechi mbili katika kila tisa."

"Mbili katika tisa?" Wilf alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Mimi sikumbuki sare zaidi ya moja au mbili maisha yangu yote."

"Usiniamini. Jaribu."

Alimpa kikombe chenye sarafu kumi na mbili. Wilf alikitikisa, akamwaga, akahesabu vichwa. Saba. Akamwaga tena. Tano. Tena. Sita. Noreen alitazama kutoka kitandani, macho yakifuata sarafu zilizong'aa. Wilf alimwaga mara arobaini. Sita kwa sita ilitokea mara kumi na moja.

"Hii ni zaidi ya mbili katika tisa," alisema.

"Leo imezidi. Kesho itapungua. Ukimwaga mara elfu itakaribia pale pale. Kiwandani sikuweza kupima kila kikombe. Nilichukua vichache, nikahesabu vyenye ufa, nikakadiria sanduku zima. Sikujua kikombe gani kitapasuka. Lakini nilijua vingapi."

"Lakini tulikuwa tumeshatoka sare wiki ile nyingine. Hilo halikupunguza?"

"Hapana. Wengi wanakosea hapo. Sarafu haina kumbukumbu. Haijui ilian..."

Avril alijikatiza. Alimtazama Noreen, akauma mdomo.

"Endelea," Wilf alisema. "Hakusikia."

"Nilitaka kusema, sare ya wiki jana haiwezi kuizuia ya leo. Jumatano ile ulipotoka hapa, uwezekano ulikuwa ule ule. Mbili katika tisa."

Wilf alichukua daftari la timu kutoka kwenye droo. Aligeuza kurasa za msimu uliopita. Mechi ishirini na sita. Aliweka kidole kwenye kila sare, akahesabu. Alirudia kuhesabu.

"Tano," alisema. "Tano! Mbona sizikumbuki?"

"Pungufu kidogo ya hesabu yangu, iliyotaka karibu sita. Ni kwa sababu timu nyingine zinawazidi, na nyingine mnazizidi. Nguvu zikitofautiana sare hupungua."

Lakini Wilf hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa ameelewa. Siku zile za sare alichelewa kurudi, na Noreen, aliyekuwa bado na nguvu, alifunika sahani yake tu, akakaa kumsubiri. Hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana hakuna alichokumbuka.

Alifunika uso kwa daftari. Mabega yalimtikisika. Avril alimwacha alie.

Baadaye aliuliza, "Wiki tatu zijazo je?"

"Kukosa sare mara moja ni saba katika tisa. Kukosa mara tatu mfululizo, unazidisha: saba katika tisa, ya saba katika tisa, ya saba katika tisa. Unapata chini kidogo ya nusu. Kwa hiyo katika Jumatano tatu, kupata sare angalau moja ni zaidi ya nusu. Usijiulize itatokea lini, Wilf. Jiulize ikitokea, nani yuko na Noreen?"

Mwezi wa Machi Wilf alikwenda klabuni bila vishale. Alisimama mbele ya wenzake, kofia mkononi, akawaeleza yote, na ile mbili katika tisa. Aliomba mechi zianze saa saba.

"Saa saba nina chakula mdomoni!" mmoja alilalamika.

"Tafuna haraka basi!" mwingine akamjibu.

Lakini mzee mmoja wa timu pinzani aliinua mkono. Alisema mke wake anapumua kwa mashine, na naye siku za sare hurudi nyumbani akitetemeka. Trevor Sherratt aliandika kwenye daftari lake. Walikubaliana mambo mawili. Mechi zitaanza saa saba na nusu. Na katika mchezo wa kuamua, nahodha anaweza kumteua mwenzake acheze badala yake. Janine naye alikubali kuja nusu saa mapema. Saa kumi na nusu Avril angekuja kukaa mpaka Wilf arudi, iwe sare au isiwe.

Katika mechi kumi zilizobaki, sare zilikuwa tatu. Mbili zilifuatana.

Siku ya ile ya tatu, mwishoni mwa Mei, Trevor aliandika 6–6 saa kumi kamili. Wilf alimkabidhi mwenzake nafasi ya kucheza.

"Baki kidogo, nahodha. Avril si yuko?"

"Atakuwepo. Mimi pia nitakuwepo."

Timu ilishindwa siku hiyo. Wilf aliambiwa kesho yake. Saa kumi na robo alikuwa anapangusa viatu mlangoni. Janine alikuwa bado hajaondoka. Noreen alikuwa ameinuliwa kwa mito, sweta mbili mwilini, mikono juu ya blanketi. Alikuwa mkavu na ametulia.

Alimtazama Wilf kwa muda. Macho yake yalimpita, yakarudi.

"Janine," alisema, "tumepata mgeni. Mpe chai."

Janine alifungua kinywa amrekebishe. Wilf alimtikisia kichwa.

"Karibu," Noreen alimwambia.

"Asante, mama," Wilf akajibu. Alivuta kiti karibu na kitanda, akaketi.