Chupa Chini ya Kiti cha Dereva

Kila Jumamosi asubuhi, Hattie Ackroyd aliosha vyombo vya kifungua kinywa, akamtembeza mbwa wa jirani, kisha akafanya hesabu ukurasa mmoja kabla ya kwenda kucheza. Jumamosi hiyo ya Novemba alimaliza yote mapema. Babu yake, Clifford, alikuwa amekubali hatimaye kumpeleka kwenye makumbusho ya mabasi ya zamani, yeye na binamu yake Joel.

Makumbusho yalikuwa katika kiwanda cha zamani cha sufu, nje kidogo ya mji wa Holmsworth. Hakuna aliyelipwa mshahara pale. Wazee waliostaafu walikuja kwa hiari yao, wakavaa ovaroli, wakakwangua kutu na kupaka rangi, hadi gari lililookotwa shambani limegeuzwa banda la kuku likang'aa tena. Babu alikuwa dereva wao.

"Watoto wawili, Clifford?" Bwana Sugden, msimamizi, aliuliza mlangoni. "Mwezi uliopita mtoto alivunja taa. Umeshasahau?"

"Hawa nawadhamini mimi," Babu alijibu. "Wakiharibu kitu, nitakurudishia ufunguo wangu wa mabasi."

"Haya. Umesema mwenyewe."

Ndani kulikuwa na baridi na giza. Mabasi yalisimama safu mbili, taa zao kubwa zikiwaelekea watoto kama macho yasiyopepesa. Mahali fulani mafuta yalidondoka kwenye sahani ya bati. To. To. To. Hattie alitamani kurudi nje, lakini Joel alikuwa amesimama kando ya basi la kijani la ghorofa mbili, anacheka.

"Panda kwenye usukani basi. Au unaogopa?"

"Nani anaogopa?"

Chumba cha dereva kilikuwa chembamba, kimetengwa na abiria kwa kioo. Hattie alipanda, akashika usukani kwa mikono miwili. Hapo chupa yake ya maji, ya chuma, ikamtoka mfukoni, ikabingirika chini ya kiti. Aliinama, akapapasa. Hakuifikia.

"Shuka! Sugden anakuja!" Joel alinong'ona.

Hattie akaruka chini, akafunga mlango. Alijiambia kwamba ataichukua baadaye, basi hili haliendi popote.

Lakini basi dogo lililopangwa kubeba wageni siku hiyo lilikataa kuwaka. Babu alijaribu mara tatu, mwishowe akafuta mikono. "Leteni lile la kijani. Watu wanangoja."

Abiria thelathini wakapanda, wengine na watoto wachanga. Basi likaanza kukwea mlima, likaingia kwenye ukungu. Hattie alikaa kiti cha mbele, nyuma ya kioo cha Babu. Chini ya ngurumo ya injini alisikia kitu kikikwaruza sakafu. Kri, kri, kri. Ko.

"Joel, umeisikia?"

"Nyamaza. Itakaa hukohuko."

Hattie alielewa. Wakipanda, chupa inarudi nyuma, chini ya kiti. Wakishuka, itakuja mbele, miguuni mwa Babu.

Kileleni, mbele ya kanisa, basi liligeuka na kusimama. Sasa pua yake ilitazama bondeni. Barabara iliteremka wima, ikazama kwenye ukungu, na huko chini kabisa kengele ya soko ilikuwa ikilia. Kri, kri, kri. Ko.

Kondakta, Bi Noreen, alishika kamba ya kengele. "Jishikilieni vizuri, wapenzi wangu! Nikiivuta mara mbili, tunateremka."

"Ukisema, Babu ananyang'anywa ufunguo," Joel alimwambia Hattie sikioni.

Hattie aliyatazama mabega ya Babu kupitia kioo. Kengele ya basi ikalia mara moja. Akainuka, akaudaka mkono wa Bi Noreen kabla haujavuta tena.

"Usipige! Chupa yangu iko kwa Babu, miguuni! Niliiangusha mimi!"

Bi Noreen aliiachia kamba. Alishuka, akazunguka mbio, akagonga mlango wa dereva. Babu aliacha breki ya mkono ilivyo, akakanyaga breki ya mguu. Pedeli ilishuka nusu, ikagota.

Aliinama, akaichomoa chupa nyuma ya pedeli. Aliigeuza mkononi, uso umempauka, kisha kupitia kioo akamtazama mama mmoja aliyepakata mtoto.

Waliporudi kwenye makumbusho, Hattie alimweleza Bwana Sugden mwenyewe. Babu alichomoa ufunguo, akauweka mezani.

"Na mimi sikukagua kabla ya kuondoka," alisema. "Ningekagua, ningeiona."

Bwana Sugden aliuchukua ufunguo. "Nitakaa nao mwezi mmoja, Clifford. Na kila mlango wa dereva utawekewa kufuli." Akamgeukia Hattie. "Nimekasirika sana. Lakini umefanya vizuri kusema."

Njiani kurudi nyumbani Hattie alilia. "Nisamehe, Babu. Nilidhani nakulinda."

Kabla Babu hajajibu, Joel, aliyekuwa akijikokota nyuma, alisimama. "Mimi ndiye niliyemwambia apande. Na nilimwambia anyamaze."

Babu aliwatazama wote wawili.

"Umechelewa, Joel, lakini umesema. Sasa nisikilizeni. Chupa ilipoanguka, lilikuwa kosa dogo. Ningewakaripia, tukanywa chai, yakaisha. Kila dakika mliyonyamaza lilikua, hadi likatosha kuua watu thelathini. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Msinifichie kosa eti kunilinda. Mimi kufedheheka si kitu. Yule mtoto aliyepakatwa na mama yake, ningemjibu nini?"

Joel alimshika Babu mkono mmoja, Hattie mwingine, wakaendelea kuteremka polepole kuelekea nyumbani.