Kipanya cha Meneja

"Funga dirisha, washa taa."

Amri ilimfika Sindano kupitia kifaa cha sikioni, kidogo kama punje ya mchele. Maana yake: zuia orodha, kisha toka. Aliyeitoa alikuwa bosi wake wa ujasusi, na pia shangazi yake, dada wa baba.

Kutoka ndiko kulikuwa na kazi. Mlango wa chuma, ndani hauna kitasa. Bastola yake ya Beretta watu wa magendo walishamnyang'anya. Mashine zilimpulizia baridi kisogoni, na jasho likamtoka vilevile.

Mbele yake, kwenye skrini ya seva, kompyuta kuu yao, mstari wa kijani ulikuwa ukijaa. Asilimia themanini na moja. Majina arobaini ya watoa habari yalikuwa yanakwenda kwa wanunuzi ng'ambo, katika faili moja ambayo ikikatika haisomeki. Jina la kumi na mbili lilikuwa la mdogo wake.

"Tulia hapo, binti," ilisema spika ya darini. Meneja wa magendo alikuwa ghorofani, akitazama picha ileile. "Ikifika mia tunashuka kukuchukua."

Kipanya walikichomoa wakaenda nacho. Kibodi waliiacha. Mtu aliyezoea kubofya tu huamini ukimnyima mwenzake kipanya, umemfunga mikono.

"Shangazi, mfumo wa kompyuta hii ni Linux," Sindano alinong'ona.

"Basi ihame picha, uingie skrini ya maandishi tupu, mwanangu. Ctrl, Alt, F3."

Skrini ikawa nyeusi, herufi nyeupe. Huko juu mstari uliendelea kujaa. Picha ilikuwa hai, yeye tu ndiye aliyeihama.

Nywila ya fundi aliichungulia asubuhi. Akaiandika. Ikakataa. Aliogopa, na si kidogo.

Akarudia polepole. Ikakubali.

"Nikikata sasa, watashuka na bunduki."

"Milango si inaendeshwa na seva hiyohiyo? Anza na wao."

Mlango wa juu: funga. Wa chini: fungua. Kufuli ikalia ubavuni pake.

"Shangazi, asilimia siioni tena."

"Usiulize. Izime picha yote, yabaki maandishi."

systemctl isolate multi-user.target

Picha ikafa, na uhamishaji uliokuwa ukiendeshwa ndani yake ukafa nayo. Rekodi ikasema: tisini na saba.

Sindano akapumua kwa mara ya kwanza tangu wamfungie.

Spika ikakwaruza. "We binti, skrini huku giza tupu. Na mlango haufunguki." Meneja alikuwa anahema. "Fungua."

Sindano alivaa koti, akawasha kipaza sauti cha mezani, akakiinamia.

"Kipanya si unacho wewe?"

Akatoka, akaurudisha mlango taratibu.